Moshi Kifuani, Msimbazi Sahanini!
Unajua mchicha wako wa leo umenyweshwa nini?

Wiki hii naomba tuweke pembeni kidogo habari za mitoko na za wapenzi wanaogombana kwenye baa, tuzungumzie kitu ambacho unakitumia tangu siku ile mkunga alipokupiga kibao cha makalio ukalia, na hujawahi kukilipia hata thumni. Nazungumzia hewa. Na mwenzake maji, ambayo unayalipia, tena dumu kwa dumu, ila sidhani kama kuna siku uliwahi kukaa chini ukajiuliza unauziwa nini hasa.

Hebu hesabu na mimi. Mtu mzima kwa siku moja anavuta pumzi kama mara 20,000. Ukiwa umelala unavuta, ukiwa umebanana kwenye daladala kwapa la jirani likiwa usoni unavuta, na ukiwa kijiweni unabishana Simba na Yanga ndiyo unavuta zaidi. Chakula kikiwa kimeharibika unaweza kukikataa. Pumzi huikatai hata dakika tatu.

Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu inaua watu kama milioni 7 duniani kila mwaka. Wakazi wa Dar es Salaam tulipohesabiwa kwenye sensa ya mwaka 2022 tulikuwa 5,383,728. Kwa hiyo chukua jiji zima, kuanzia Bunju mpaka Mbagala, kuanzia Kigamboni mpaka Kibamba, ongeza na watu wengine zaidi ya milioni moja na nusu, halafu waondoe wote kwa mwaka mmoja. Mwakani unaanza upya!

Najua unachowaza. Unawaza makampuni makubwa ya Ulaya na mabomba yanayotoa moshi mweusi. Mimi naanzia jikoni kwenu.

JIKO LA KORIDONI

Nyumba zetu za uswahilini mnazijua. Korido katikati, vyumba huku na huku, na mbele ya kila mlango kuna jiko la mkaa na sufuria. Saa kumi na mbili jioni majiko sita yanawashwa kwa mpigo, mafuta ya taa yamenyunyizwa, na kipande cha plastiki kimetupiwa juu ili moto ushike haraka. Korido inageuka handaki. Mtoto mgongoni kwa mama anakohoa, mama anapikicha macho, maisha yanaendelea. Ukiuliza unaambiwa ni moshi tu, umezoea.

Huo "moshi tu" una vitu viwili vibaya kuliko vingine vyote. Cha kwanza ni vumbi laini sana ambalo wataalamu hulipima kwa mikroni, na lile la hatari zaidi lina mikroni 2.5 kushuka chini. Unywele mmoja wa kichwani kwako ni mnene kuliko chembe hiyo kama mara 30. Vumbi la barabara ya Mbagala unalipiga chafya linatoka. Hili halitoki. Linapita puani, linapita kooni, linashuka mpaka kwenye vile vifuko vidogo kabisa vya mapafu, na chembe nyingine zinavuka na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi hauleti kikohozi peke yake, unaleta na ugonjwa wa moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Kule jikoni unaongeza na mtoto wa jicho. Bibi anayepikia kuni miaka hamsini halafu anaambiwa amelogwa macho, mara nyingi mchawi wake ni mafiga matatu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kipimo cha vumbi hilo, likasema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Zamani walisema 10. Kwa kipimo hicho kipya karibu dunia nzima imefeli, asilimia 99 ya binadamu wanavuta hewa isiyofikia daraja. Kwa hiyo tusijione wanyonge peke yetu, ingawa mwenzetu wa London akifeli hana jiko la mkaa mlangoni.

Cha pili hakina rangi, hakina harufu, na ndicho kinachoua watu usiku. Kinaitwa kaboni monoksaidi. Damu yako ina kitu chekundu ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kama daladala inavyobeba abiria. Sasa hii kaboni monoksaidi ikipanda kwenye daladala hiyo inang'ang'ania siti mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Haishuki kituoni! Oksijeni inabaki stendi, ubongo unakosa chakula, unasikia kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, na ndiyo basi. Kila msimu wa baridi, hasa kule Njombe, Makete na Mbeya, zinasikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ili wapate joto wakakutwa asubuhi wamekufa, mikono ipo kifuani kama waliolala salama. Mtaani tunasema wamepigwa na radi ya shetani. Jamani, ni mkaa. Mkaa ambao hautoi moshi, ule uliowaka vizuri mpaka mwekundu, ndio unaowadanganya watu, maana wanaona hakuna moshi basi hakuna ubaya.

Na watoto? Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi kwenye moshi wa jikoni hatari yake ya kupata nimonia inakaribia mara mbili ya mwenzake. Kina mama wa mtaani kwetu wanaijua kwa jina la kichomi, na dawa yao ya kwanza ni kumchua mtoto mafuta ya nazi kifuani, halafu wanamrudisha palepale koridoni.

Nilimwambia mama ntilie mmoja ninayekula kwake, mwanamke wa makamo, mkarimu, ubwabwa wake usiombe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, nikamweleza habari hizi zote mpaka ya damu na daladala. Akanisikiliza huku akipepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo. Kisha akasema, "Marahaba tena mwanangu. Sasa hilo gesi utaninunulia wewe?"

Nilinyamaza, maana swali lake ndilo lenyewe. Mkaa unauzwa kwa kopo, wa leo unanunua leo. Mtungi wa gesi ukiisha unatakiwa uwe na hela yote kwa mpigo, na hela ya kwa mpigo ndiyo watu hawana. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wake wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lengo zuri. Lakini mpaka gesi iweze kununuliwa kama mkaa, kidogokidogo, ya kupikia maharage ya leo tu, mama yule hatahama. Wapo wanaouza gesi kwa mita ya kulipia kadiri unavyotumia, na mimi nadhani hapo ndipo pa kukazania, siyo kwenye semina za hotelini.

BARABARANI TUMEPUNGUZA KIDOGO

Tusiwe watu wa kulaumu tu, kuna mahali tumeshinda. Wale waliokua kwenye miaka ya tisini walikuwa wanavuta petroli yenye madini ya risasi bila kujua. Risasi ilitiwa kwenye petroli ili injini isigonge, halafu inatoka kwenye ekzosi na kumwingia mtoto aliyesimama kituoni. Ikimwingia inakwenda kwenye ubongo, inampunguzia akili ya darasani, na haina dawa ya kuirudisha. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Senegal, kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha. Nchi ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwenye vituo vya mafuta ilikuwa Algeria, iliyoacha mwaka 2021.

Dizeli nayo tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipunguza sana salfa iliyomo. Na siku hizi bajaji nyingi zimefungwa mitungi ya gesi asilia, ingawa foleni za kujaza gesi hiyo ni kasheshe nyingine. Shida iliyobaki ni magari yenyewe. Mafuta yanaweza kuwa masafi kiasi gani, lakini kama injini imechoka na inakula oili, ukisimama nyuma yake pale Buguruni unatoka umepakwa masizi kama fundi wa kuchomelea.

KESI YA TABATA

Kijana wa leo ukimwambia Tabata anafikiria baa na nyama choma. Miaka ya themanini Tabata ilikuwa dampo. Taka zote za jiji zilikuwa zinamwagwa pale na kuchomwa, moshi na inzi mpaka vyumbani kwa watu, usiku na mchana. Wakazi walilalamika, wakaandika barua, lakini wapi! Mwisho wakafanya kitu ambacho siku hizo hakuna aliyekifikiria: wakaishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Hiyo ilikuwa mwaka 1988, na wakashinda. Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka pale na kutafuta sehemu isiyodhuru watu.

Unafikiri jiji liliacha? Lilirudi mahakamani kuomba muda. Likapewa. Likarudi tena kuomba muda, magari ya taka yakiwa yanaendelea kumwaga. Mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akachoka, akasema kwa maana hii, kwamba hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaligusa na suala la Katiba, ibara ya 14, inayompa kila mtu haki ya kuishi. Kwa lugha yetu ya kijiweni, ukinivutisha moshi wa taka kwa nguvu unanipunguzia uhai, na uhai wangu umeandikwa kwenye Katiba. Safi sana! Kesi hiyo mpaka leo wanafunzi wa sheria wanaisoma.

Ila sasa sikiliza utamu uliogeuka uchungu. Dampo lilipotolewa Tabata lilipelekwa Vingunguti, yaani kwenye bonde la Mto Msimbazi. Baadaye likaenda Mtoni, sasa liko Pugu Kinyamwezi. Kila linapokwenda linawakuta watu, au watu wanalifuata. Nadhani watu wa Tabata walikuwa na bahati ya kuwa na wasomi waliojua mlango wa mahakama uko wapi, kitu ambacho sehemu nyingi lilikohamia hawakuwa nacho.

Na sisi majumbani ndiyo tunamalizia. Pampasi, chupa, mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Juni 2019 lakini kabatini bado ipo, vyote tunavirundika nyuma ya nyumba jioni na kuvitia kiberiti. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo kama huo inatoa sumu iitwayo dioksini, ambayo inakaa mwilini miaka na inahusishwa na saratani. Jirani yako akichoma taka usiku huku madirisha yako yako wazi kwa joto, ujue mmeshirikiana.

MTO UNAOBEBA SIRI ZA MJI

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe. Kule juu kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, misitu ya kale, ambayo kazi yake mojawapo ni kunyonya mvua na kuiachia polepole. Miti yake imekatwa sana. Imekwenda wapi? Imekwenda koridoni kwenu! Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Dar es Salaam peke yake ilikuwa inakula karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Kwa hiyo jiko lile linalomkohoza mtoto ndilo hilohilo linaloufanya mto ushuke na tope na kwa kasi. Nilipoelewa hilo nilikaa kimya dakika nzima, kitu ambacho wanaonijua watakwambia si kawaida yangu.

Ukishaingia mjini mto unaanza kupokea wageni. Unapokea maji ya viwandani, rangi na kemikali. Unapokea oili chafu ya magereji. Vingunguti unapokea maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka, na damu na kinyesi cha ng'ombe kutoka upande wa machinjioni. Mito mingine midogo, Sinza, Ubungo, Luhanga, nayo inaleta ya kwake. Halafu yote hayo yanapita Kigogo, yanapita Jangwani, yanapita chini ya daraja la Salenda, yanaingia baharini. Pale mdomoni kuna mikoko, na mikoko ndiyo chumba cha kujifungulia cha kamba na samaki wadogo. Uchafu ukiwa mwingi unaoza, na ukioza unatumia oksijeni iliyomo ndani ya maji, samaki wanakosa pumzi. Ni kama wewe na lile jiko, tofauti wao hawana mlango wa kutokea.

Na kuna mgeni mwingine ambaye watu hawapendi kumtaja. Mvua kubwa ikianza, kuna wenye nyumba mabondeni wanaoamka usiku na kutoboa ukuta wa shimo la choo ili kinyesi kiende na mafuriko. Kuita gari la kunyonya ni gharama, na mahali pengine gari lenyewe halifiki, vichochoro havipitiki hata na mkokoteni. Kitendo hicho kina jina lake kabisa, kutapisha choo. Kinatapikwa kwako kinaingia kwa mwenzako wa chini, kinaingia kwenye kisima kifupi ambacho kesho asubuhi mtachotea maji ya kuogeshea mtoto. Kuna fundi wanaotumia pampu ndogo ya mkono, wanaingia kwenye vichochoro hivyo na kuchukua kidogo kwa bei ya kuelewana. Waulizie mtaani kwenu kabla masika hayajafika, siyo usiku wa mvua!

Mwaka 2015, mwezi Agosti, kipindupindu kilianza hapahapa Dar kikasambaa karibu nchi nzima, na mpaka kinapoa wagonjwa walikuwa zaidi ya 20,000. Mwaka 2011, Desemba, mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Na maji ya mafuriko ya Msimbazi si ya mvua tu, ni supu ya hayo yote niliyoyataja. Yakikuingia ndani hadi kitandani, hata yakikauka usikimbilie kurudisha godoro juani na kulilalia.

SASA MCHICHA

Ukipita kando ya mto huo kwenye maeneo kadhaa utaona kijani kinapendeza, matuta ya mchicha, matembele, kisamvu. Vijana wenye ndoo za kumwagilia, kazi halali, hawajaiba cha mtu. Maji wanayachota palepale. Wataalamu waliopima mboga za bonde hilo wamekuta ndani yake madini ya risasi, kadimi na kromi.

Hapa watu wengi wanakosea kidogo. Vijidudu vinavyokaa juu ya jani, kama vya kuhara, ukiosha kwa maji safi na kupika mboga ikaiva, vinakufa. Kwa hilo ondoa hofu. Lakini risasi haiko juu ya jani peke yake, mmea umeinywa kwa mizizi. Hauioshi, hauichemshi ikatoka, nazi haiifuniki. Inaingia mwilini kidogokidogo, inajificha kwenye mifupa, na mama akipata mimba inaweza kutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo ile risasi tuliyoifukuza kwenye petroli tunaikaribisha sahanini pamoja na ugali.

Usiache mboga, tafadhali, nisije nikalaumiwa na madaktari. Muulize muuzaji imetoka wapi, na usiishie kwa mmoja. Atakwambia "ya shamba, anko", wote wanasema ya shamba. Lakini ukiwa mteja wa kila siku atakwambia ukweli. Na kama una uwanja wa hatua nne, viroba vitatu vya udongo na maji ya bomba au ya mvua vinatoa tembele la kutosha nyumba.

Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote, yafunike, yachote kwa kikombe chenye mpini siyo kwa mkono. Ya kisima kilicho karibu na choo yafanye ya kufulia. Na mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, usisubiri kupambazuke wala usimfiche kwa aibu. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, anywe njiani mkimkimbiza hospitali. Kipindupindu kinaweza kumaliza mtu ndani ya masaa machache, lakini anayewahiwa kurudishiwa maji mwilini karibu kila mara anapona.

Kuhusu mto wenyewe, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha fedha za mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, mto uchimbwe, daraja la Jangwani linyanyuliwe, watu walipwe wahame, na baadaye pale Jangwani pawe na bustani ya kupumzikia. Nitafurahi kwenda na mwenzangu kupiga picha. Ninachotaka kujua, na nitaendelea kuulizia, ni kitakachofanyika kwa maji yanayotoka viwandani na kwenye mabwawa ya majitaka huko juu, na wale vijana wa mchicha wamepangiwa wapi kwenda na ndoo zao.